Besi Inapolia Kama Nyuki: Kutafuta Chanzo cha Mkwaruzo na Mvumo



Kuna kilio kimoja ninachokisikia kwa vijana wa bendi toka Likoni hadi Malindi: "Besi yangu inalia kama nyuki." Ukimuuliza nyuki hao wako wapi, kwenye mbao au kwenye umeme, hajui. Analipeleka gitaa kwa fundi wa kwanza anayemkuta. Fundi naye, kwa kuwa ana pasi ya kulehemu mkononi, anamwambia tatizo ni pikapu, inunuliwe mpya. Pesa ya harusi tatu inakwenda, na gitaa likirudishwa nyuki wako pale pale. Nimeliona hili mara nyingi mno, ndiyo maana leo naliandikia makala nzima. Anayetaka aihifadhi kwenye simu yake.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Gitaa la besi lina sauti mbili mbaya ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza nitaiita mkwaruzo: uzi unapotetemeka unagonga vile vyuma vya shingoni, freti, na kutoa mlio mkali wa "zzz" unaofuata noti unayoipiga. Ukiacha kupiga, nao unakoma. Ya pili nitaiita mvumo: sauti inayotoka kwenye spika hata kama hujagusa uzi wowote, inaunguruma kama friji kuukuu au kama transfoma ya barabarani. Mkwaruzo ni mambo ya mbao na vyuma. Mvumo ni mambo ya umeme. Dawa ya mmoja haimtibu mwenzake hata kidogo.

Kuzitenganisha ni kazi ya nusu dakika. Chomoa kebo kwenye gitaa, kaa mahali kimya, piga nyuzi zote nne moja moja, freti baada ya freti. Ukisikia "zzz", una mkwaruzo. Kisha chomeka kebo, washa amplifaya, na usiguse uzi. Spika ikiunguruma, una mvumo. Unaweza kuwa na yote mawili, lakini utayashughulikia mbali mbali.

Kuna jambo moja hapa ambalo mafundi wengi hawalisemi kwa sababu halina malipo. Mkwaruzo unaousikia gitaa likiwa halijachomekwa, lakini ukichomeka kwenye amplifaya husikiki, uache kama ulivyo. Uzi wa besi ni mnene na unatetemeka kwa mapana. Uzi wa E hutetemeka mara 41 tu kwa sekunde, na urefu wake toka kizingiti hadi daraja ni kama sentimita 86 kwenye besi ya kawaida. Kugusa freti kidogo ni tabia yake. Anayetaka besi isiyokwaruza kabisa atainua nyuzi juu mpaka vidole vimuume.

Hewa ya Kabazi na hewa ya Mombasa

Mpwa wangu anafundisha shule Kabazi, huko Subukia, kaunti ya Nakuru, na mwisho wa wiki hupiga besi na wenzake. Gitaa lenyewe lilinunuliwa Mombasa, la mtumba, likiwa linalia vizuri tu. Alikwenda nalo bara baada ya likizo ya Disemba. Kufika Februari akanipigia: freti nne za mwanzo zimeanza kukwaruza, na vidole vinakwaruzika pembeni mwa shingo kama anashika msumeno.

Nikamuuliza kama ameangusha gitaa. Hakuangusha. Nikamuuliza kama amebadilisha nyuzi. Hakubadilisha. Basi nikajua ni hewa.

Mtu yeyote aliyekulia Mji wa Kale anajua habari ya milango. Masika mlango unagoma kufungika, unausukuma kwa bega. Kaskazi ikivuma na jua likachoma, mlango uleule unaachia na kucheza kwenye fremu. Mbao inakunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na kila ikifanya hivyo inavimba au inasinyaa. Shingo ya gitaa ni mbao vilevile. Tofauti ni kwamba mlango ukikosea nusu milimita hakuna anayejali, lakini shingo ikikosea nusu milimita gitaa zima linaharibika kwa masikio.

Mombasa tuko usawa wa bahari na hewa ina unyevu mwaka mzima. Mji wa Nakuru uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na upande wa Subukia ni nyanda za juu vilevile. Januari na Februari kule ni kiangazi: mchana jua kali na hewa kavu, usiku baridi. Gitaa lililozoea unyevu wetu likipelekwa huko linaanza kukauka. Mbao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, ndiyo maana ncha za freti, ambazo ni chuma na hazisinyai, zikajitokeza pembeni. Huo ndio msumeno alioushika mpwa wangu. Ukiona ncha za freti zimechomoza, ujue mbao imekauka. Hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko maneno ya muuzaji.

Ama shingo yenyewe itapinda upande gani, usibashiri. Wako watakaokuambia kwa uhakika kwamba ukavu huirudisha shingo nyuma, na wengine kwa uhakika uleule kwamba huipinda mbele. Inategemea mbao za shingo hiyo, ubao uliobandikwa juu yake, na rangi iliyopakwa nyuma. Dawa ni kupima.

Kupima hakuhitaji mashine. Kwanza tyuni nyuzi zote sawasawa, kwa sababu nyuzi nne za besi zikikazwa zinaivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, kama mtu mzima ameninginia juu yake. Ukipima nyuzi zikiwa zimelegea umepima uongo. Kisha kwa kidole cha mkono wa kushoto bana uzi wa E kwenye freti ya 1, na kwa mkono wa kulia ubane pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Tazama katikati, kwenye freti ya 7 au ya 8: kati ya uzi na kilele cha freti panatakiwa nafasi ndogo, kama milimita 0.3 hadi 0.4. Kadi nyembamba ya mwaliko wa harusi, ile isiyotiwa mapambo, ina unene wa karibu hapo. Ipitishe. Ikipita kwa kugusa kidogo, shingo iko sawa. Kama uzi umelalia freti na hakuna nafasi kabisa, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma. Kama kadi tatu zinapita pamoja, imepinda mbele kupita kiasi. Anayetaka uhakika zaidi amwazime fundi wa magari ile fila yake ya kupimia vali.

Kwa mpwa wangu kadi haikuingia. Shingo ilikuwa imerudi nyuma.

Ndani ya shingo za besi nyingi mna chuma kirefu cha kuirekebisha, na nati yake iko kwenye kichwa cha gitaa chini ya kifuniko kidogo, au upande wa pili kwenye mwisho wa shingo. Kwenye magitaa mengi ufunguo wake ni ule wa pembe sita, na wako wanaotumia bisibisi au spana ndogo. Ukitazama nati uso kwa uso, kuizungusha upande wa saa kunakaza chuma, na shingo inarudi nyuma. Kuizungusha kinyume cha saa kunalegeza chuma, na nyuzi zinaivuta shingo mbele na kuipa ule mpindo mdogo unaotakiwa. Zungusha robo tu, si zaidi. Tyuni tena, kwa kuwa sauti zitakuwa zimehama, kisha pima. Ikibidi, ongeza robo nyingine, halafu uliache gitaa lilale mpaka kesho, maana mbao haina haraka. Mpwa wangu alilegeza robo mbili kwa siku mbili na mkwaruzo wa freti za mwanzo ukaisha.

Nati ikigoma, iache. Nati iliyogoma ikilazimishwa huvunjika, na shingo iliyovunjikia nati ndani gharama yake mara nyingi inazidi bei ya gitaa la mtumba. Tone la mafuta ya cherehani na subira ya usiku mmoja, kama bado, hapo ndipo mahali pa kumtafuta fundi wa magitaa, na hapo nakubali alipwe.

Jambo la mwisho juu ya hewa: gitaa lililorekebishwa Kabazi wakati wa kiangazi, likirudishwa Mombasa masika, litahama tena. Hili si ugonjwa. Anayesafiri nalo awe na ufunguo wake ndani ya begi, kama msafiri anavyobeba msuaki.

Mkwaruzo unakaa wapi?

Shingo ikishakuwa sawa na mkwaruzo bado upo, mahali unapotokea panakueleza chanzo chake.

Unakwaruza ukipiga uzi mtupu tu, lakini ukibana freti yoyote unakoma: kosa liko kwenye kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji minne pale kichwani. Mfereji umelika ukawa na kina kirefu. Tiba yake sahihi ni kizingiti kipya. Tiba ya leo jioni, kama harusi ni leo jioni, ni kujaza mfereji unga wa mfupa uliosuguliwa kwa tupa, kutonesha tone moja la supaglu, kuacha pakauke kabisa, kisha kuuchonga upya kwa tupa nyembamba. Kinadumu kuliko unavyotarajia.

Unakwaruza sehemu za juu, kuanzia freti ya 12 kwenda mbele: mara nyingi nyuzi zimeshushwa mno kwenye daraja. Kila uzi una kitako chake chenye skrubu ndogo mbili. Pima toka kilele cha freti ya 12 hadi tumbo la uzi: milimita 2.5 kwa uzi wa E na 2 kwa uzi wa G ni vipimo vya kuanzia vinavyowafaa wengi. Anayepiga kwa nguvu aongeze. Benga, kwa mfano, besi yake haikai nyuma, inakimbizana na gitaa la solo mwanzo hadi mwisho. Mpigaji wa namna hiyo akitaka nyuzi chini kama za mpigaji wa mahadhi laini, atakwaruza na hakuna fundi atakayemsaidia.

Unakwaruza noti moja tu, au noti mbili zinazofuatana, kwa nyuzi zote: iko freti moja iliyoinuka. Chukua kitu kifupi kilichonyooka kinacholalia freti tatu kwa pamoja, kama ukingo wa rula fupi ya chuma, na ukibembeze. Pale kinapoyumba ndipo penye freti ndefu. Wakati mwingine freti imeng'oka tu kwenye mfereji wake, jambo ambalo ukavu wa bara hulileta. Igongegonge kwa kinyundo cha plastiki irudi. Ikiwa imekaa imara na bado ni ndefu, kusugua freti ni kazi ya fundi mwenye uzoefu. Ukisugua moja ovyo, inayofuata ndiyo itakayokwaruza.

Na kuna mikwaruzo ya uongo. Skrubu ya kigingi cha kukazia iliyolegea, nati ya kifundo cha sauti, springi ndogo za kwenye daraja, kifuniko cha betri. Piga noti inayokwaruza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine bana kitu kimoja kimoja. Ukibana kitu na sauti ikakatika, umempata mwizi. Kwetu Pwani ongeza kutu: chumvi ya hewa hula skrubu za vitako mpaka zinacheza, na hula uzi wenyewe mpaka waya uliozungushiwa unaachia kiini. Uzi wa namna hiyo hautibiki. Nyuzi mpya kwanza, malalamiko baadaye.

Mvumo wa umeme

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na una mizunguko 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E inatetemeka mara 49 kwa sekunde. Yaani mvumo wa ukutani unakaa karibu kabisa juu ya noti ya besi, ndani ya nyumba yake. Mpiga kinanda anaweza kukata sauti za chini asiusikie. Mpiga besi akizikata, amekata kazi yake. Kule Marekani ambako umeme ni wa mara 60, mvumo wao unakaribia B. Juu ya mvumo huo mzito huja mwingine mkali zaidi, unaosikika kama nyuki hasa, kutoka kwenye taa na chaja.

Unaingiaje? Pikapu, na hapa sisemi ile ya kubeba mahindi, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka mbele ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya. Tatizo ni kwamba rundo hilo la waya ni antena pia, linapokea kila kilichopo chumbani. Wahandisi walilijua hili zamani. Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951 ikiwa na pikapu ya koili moja. Mwaka 1957 aliigawa mara mbili, nusu kwa nyuzi mbili na nusu kwa mbili, zikiwa zimeunganishwa kinyume ili mvumo wa nusu moja uufute wa nusu ya pili. Seth Lover alikuwa amefanya jambo la namna hiyo kwa pikapu za Gibson mwaka 1955. Jazz Bass iliyokuja mwaka 1960 ina pikapu mbili za koili moja moja: ukifungua vifundo vyote viwili sawasawa zinafutana, ukipunguza kimoja mvumo unarudi. Besi nyingi zinazouzwa kwetu ni nakala za magitaa haya mawili. Kwa hiyo mwenye besi ya umbo la Jazz anayelalamika kwamba akipunguza pikapu moja gitaa linavuma, gitaa lake halina kosa. Ndivyo lilivyotengenezwa.

Kabla ya kufungua chochote, fuata njia ya sauti kutoka mwisho kuja mwanzo. Chomoa kebo kwenye amplifaya: bado inavuma? Basi besi haimo, tafuta kwenye amplifaya au soketi. Chomeka kebo nyingine. Wallahi, nusu ya magitaa "mabovu" niliyoletewa yalikuwa na kebo mbovu, ile ya bei rahisi ambayo waya wake wa nje umekatikia ndani ya jeki. Kisha punguza sauti ya gitaa hadi sifuri: mvumo ukinyamaza, unaingilia kwenye pikapu au nyaya za kabla ya kifundo. Ukibaki, tazama jeki ya gitaa na kebo.

Sasa kipimo kikubwa. Gusa nyuzi kwa kiganja.

Mvumo ukipungua ukigusa, gitaa limeunganishwa vizuri. Chini ya daraja mna waya unaoziunganisha nyuzi na upande wa athi wa jeki, na mwili wako, ambao nao unabeba kelele za chumba, unapozigusa unatulizwa. Kinachobaki ni kupunguza kelele zinazoingia kwa kuweka kinga, nitaieleza.

Usipobadilika ukigusa nyuzi, lakini ukinyamaza ukigusa chuma cha jeki, waya wa chini ya daraja umekatika au umeacha kugusa. Kwa magitaa ya Pwani hili ni la kawaida sana, kutu hukaa kati ya waya na chuma. Pima kwa mita ya fundi wa umeme, upande wa omu, kutoka kwenye daraja hadi chuma cha jeki. Panatakiwa karibu sifuri. Pasipokuwa hivyo, fungua skrubu za daraja, kwaruza kutu kwa msasa, nyoosha waya, funga tena. Hakuna cha kununua.

Mvumo ukiongezeka ukigusa nyuzi, nyaya mbili za jeki huenda zimelehemiwa kinyume. Hutokea baada ya "matengenezo". Fungua jeki: waya wa athi unakwenda kwenye chuma kinachogusa shina la plagi, waya wa sauti kwenye ulimi unaogusa ncha.

Kinga ni kuvika vyumba vya ndani ya gitaa chuma chembamba. Utepe wa shaba wenye gundi ni bora kwa kuwa unalehemika. Asiyeupata atumie foili ya jikoni kwa gundi, lakini risasi haishiki kwenye foili, basi waya wa athi ubanwe kwa skrubu. Vipande vyote viguse kimoja na kingine, na vyote viunganishwe na athi. Chunga foili isiguse ulimi wa sauti kwenye jeki, gitaa litakuwa bubu. Tena ujue mpaka wa dawa hii. Foili inazuia ule ukali wa nyuki wa taa na chaja. Ule mvumo mzito unaotoka kwenye transfoma hupita kwenye shaba kama maji kwenye tenga. Ukizunguka na gitaa lako na mvumo ukapanda na kushuka kwa jinsi ulivyogeuka, huo ndio huo, na dawa yake ni kusogea mbali na amplifaya au kununua pikapu ya kufutana.

Mguu wa tatu wa plagi

Hapa naomba usome polepole.

Iko tiba ya mvumo inayopendwa sana kwenye maharusi, makanisani na kwenye matamasha ya shule: kuvunja au kukwepa ule mguu wa juu wa plagi, mguu wa athi. Mvumo unakoma kweli. Unakoma kwa sababu besi na mikrofoni zilikuwa zimeungana na athi kwa njia mbili tofauti, amplifaya kwenye soketi moja na miksa kwenye nyingine, na umeme mdogo ukawa unazunguka kati yake. Ukikata njia moja mzunguko umekwisha. Lakini umekata njia iliyowekwa ili siku waya wa moto utakapogusa bodi ya amplifaya, umeme ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike. Bila njia hiyo, umeme utakaa kwenye bodi, kwenye kebo, kwenye nyuzi unazozishika, ukingoja uguse mikrofoni kwa mdomo.

Mei 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Uingereza, kwa kugusa mikrofoni isiyokuwa na athi sawasawa huku ameshika gitaa. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa na umeme wa gitaa nyumbani kwake. Umeme wao ni sawa na wetu. Na sisi mara nyingi tunapiga chini ya hema, nyasi zina umande, viatu tumevua.

Njia salama za kuukata mzunguko ule ziko. Chomeka vyombo vyote vya jukwaani kwenye soketi moja kwa waya mmoja wa kugawia, mradi uwe mnene wa kutosha. Au unganisha besi na miksa kwa kisanduku cha DI chenye swichi ya kukata athi ya kebo ya sauti. Hiyo haigusi athi ya umeme, na ndiyo kazi iliyotengenezewa.

Na kabla ya kuimba, weka mita kwenye volti za umeme wa ukutani, ncha moja kwenye nyuzi za besi, nyingine kwenye wavu wa mikrofoni. Ikisoma karibu sifuri, bismillahi, anza. Ikisoma makumi ya volti, zima kila kitu, na asipige mtu mpaka fundi wa umeme atazame soketi. Mwenye kusikia kuchomachoma midomoni kila anapokaribia mikrofoni ameshaonywa bila mita.

Sola, jenereta na simu

Vijijini kama Kabazi, na hata kwetu Kilifi ndani ndani, wengi hupigia sola au jenereta. Inveta za bei rahisi hazitoi wimbi laini la umeme, hutoa wimbi la ngazi ngazi, na ngazi hizo husikika kwenye spika kama nyuki wasiochoka. Besi haina kosa na foili haitasaidia kitu. Inayotakiwa ni inveta ya wimbi laini, na anayekodisha muulizeni hilo kabla ya kulipa. Jenereta ndogo nayo mara nyingi haikuunganishwa na ardhi popote. Ifungwe chuma cha athi na mtu anayejua, na kile kipimo cha mita hapo juu kisirukwe.

Sauti ya "tit-tit-tit" inayokatiza wimbo ghafla ni simu ya mtu inayotafuta mtandao, aghalabu simu ndogo ya mfumo wa zamani, iliyo mfukoni mwa mpiga besi mwenyewe. Aiweke mbali. Na besi zenye betri ndani, zile za volti 9, betri ikikaribia kufa hutoa sauti iliyopasuka inayofanana na mkwaruzo, tofauti ni kwamba gitaa likichomolewa haisikiki. Badilisha betri. Ukimaliza kupiga chomoa jeki kwenye gitaa, kwani kwenye besi nyingi za namna hiyo jeki ndiyo swichi, na ukiiacha usiku kucha betri inakwenda.